Freddie Mercury: Kijana wa Unguja na Pasi ya Baba Yake

Hadi leo wapo wanaoshangaa kuambiwa kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya muziki wa roki iliyovuma ulimwengu mzima, alikuwa mzaliwa wa Unguja. Naam, alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, alipelekwa India katika shule ya bweni huko Panchgani. Huko alijifunza piano na wenzake wakaanza kumwita Freddie. Alirejea Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipozuka, familia yake ilikimbia na kuhamia Feltham, kitongoji cha London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Nina sababu ya kuyasimulia haya. Kazi yangu ya kufundisha isimu hunifikisha mara kwa mara Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, ambako baadhi ya wanafunzi wangu ni walimu wa shule za kambini. Wengi wao ni Wasomali, na wachache ni Waethiopia. Jioni moja, katika nyumba ninamopanga, niliwafungulia kwenye kompyuta filamu ya tamasha la Queen lililofanyika katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 12 Julai 1986.

Mtu mwembamba mwenye masharubu, amevaa koti la manjano, anausimamia umati wa maelfu kwa maelfu. Kisha anafanya jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita hivi hivi. Anatoa sauti tupu, na umati unazirudisha. Anazirefusha, anazipinda, anazikata ghafla, nao wanamfuata. Si Kiingereza wala lugha nyingine yoyote. Ni silabi zisizo na maana ya kamusi. Sisi tuliolelewa na wito na kiitikio cha ngoma hatukuhitaji mkalimani. Wageni wangu, ambao muziki huo haukuwa wao, walianza kuitikia kwa sauti ya chini, na wa kwanza alikuwa yule niliyemdhania kuwa mkali kuliko wote katika mambo ya dini.

Niliwaeleza kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja uo huo, bendi hiyo iliimba kwa takriban dakika 20 katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Waethiopia waliokuwapo hawakusema neno.

Nilipomaliza kuwasimulia maisha ya mwimbaji, mwalimu mmoja hakuuliza lolote kuhusu muziki. Aliuliza familia ile ilisafiri kwa hati gani.

Nadhani swali hilo lisingeulizwa katika ukumbi wowote wa Nairobi. Nilimjibu kwamba Bomi alikuwa na pasi ya Kiingereza. Ni hiyo tu. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, mwaka ule ule alipofariki Mercury. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa wanalea watoto wao humo humo, na kwa miaka mingi hata safari ya kwenda Garissa mjini imehitaji kibali.

Yaliyofuata Uingereza yanajulikana zaidi. Alisomea uchoraji, akauza nguo sokoni, na mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor. Alijitwalia jina la Mercury, sayari tuiitayo Utaridi. Wimbo wake wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, una neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Dadaab huanzia nalo chakula chake. Aliaga dunia kwa maradhi ya UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45, akafanyiwa ibada ya maziko kwa taratibu za dini ya wazazi wake, kisha mwili wake ukachomwa.

Unguja haijaamua imfanyeje. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilivunjwa baada ya kikundi cha kidini kupinga mwenendo wake. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake likafunguliwa Shangani kwa ajili ya watalii. Anakanwa na kuuzwa kwa pamoja, na katika vuta nikuvute hiyo swali la mwalimu wangu halisikiki.

Aghalabu yeye mwenyewe hakupenda kuzungumzia Unguja hadharani, na wapo wanaomlaumu kwa kuificha asili yake. Mimi simlaumu. Miongoni mwa wanafunzi wangu wamo ambao, wakipata kibali cha kufika Nairobi, hufupisha majina yao na kubadili lafudhi kabla hawajashuka kwenye basi, ili asitokee mtu wa kuwauliza kitambulisho.