Uno Cygnaeus na Somo la Kazi za Mikono

Sisi walimu tumezoea kuliweka somo la kazi za mikono mwishoni mwa ratiba, na mtihani unapokaribia, kipindi chake ndicho cha kwanza kuporwa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwasimulia wanachuo maisha ya Uno Cygnaeus, mwalimu wa Ufini aliyelipigania somo hilo.

Cygnaeus alizaliwa Hämeenlinna mwaka 1810. Alisomea uchungaji, na kuanzia mwaka 1840 hadi 1845 aliwahudumia Walutheri wa Sitka, katika Alaska iliyokuwa chini ya Urusi. Baadaye alifundisha St Petersburg, akasoma kwa bidii mafundisho ya Pestalozzi na Fröbel. Kwao alijifunza kwamba fikra za mtoto hukua kwa kushika, kupima na kuunda, wala si kwa kusikiliza tu. Mwaka 1863 chuo cha ualimu kilipofunguliwa Jyväskylä, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake, na wanachuo walijifunza kazi za mikono pamoja na masomo mengine. Mwaka 1866 sheria ya shule za msingi iliyofuata mawazo yake ikaliingiza somo hilo madarasani.

Hapo ndipo ubishi ulipozidi. Wengi walitaka mtoto afundishwe ufundi wa kumpatia riziki. Cygnaeus hakuudharau ufundi huo, lakini alishikilia kuwa shule ya msingi si karakana. Alichokitafuta ni jicho linalotambua umbo, mkono mtiifu, mazoea ya utaratibu, kupenda uzuri na kuheshimu kazi. Basi alitaka somo lifundishwe na mwalimu mwenyewe, si fundi wa kukodiwa.

Hakufaulu kila mahali. Katika shule nyingi za nchi yake somo liligeuka kuwa ufundi mtupu. Tena wavulana walipewa mbao na wasichana sindano, mgawanyo uliodumu miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1877 Otto Salomon wa Sweden alimtembelea, akayachukua mawazo yake hadi chuo cha Nääs, na kutoka huko yakaenea nchi nyingi. Cygnaeus alifariki mwaka 1888.

Maisha yake yanatuachia swali tunalopaswa kujiuliza kila tunapoandaa somo: je, tunapima kitu kilichotengenezwa, au tunampima mtoto aliyekitengeneza? Mwanafunzi anaposhona kifungo, tusikitazame kifungo peke yake. Tutazame kama amepima, amekosea, akafumua na kushona upya bila kukata tamaa. Anapopika uji, tuulize kama anaweza kueleza kwa nini umeshika mabonge, na safari ijayo atafanya nini. Kifungo kitakatika na uji utaliwa. Kinachobaki ni yule mtoto, naye ndiye kazi yetu.