Oscar Slater: Alikula jela miaka 18 bure, doo ya fidia ikaleta vita

Unamjua Sherlock Holmes, si ndiyo? Basi aliyemtunga, Arthur Conan Doyle, alikuwa na kesi ya ukweli iliyomsumbua miaka mingi. Ya Oscar Slater.

Slater alikuwa Myahudi wa Ujerumani, mtu wa kamari, akiishi Glasgow kule Scotland. Desemba 21, 1908, shosho mmoja tajiri, Marion Gilchrist, aliuawa kwake nyumbani. Mfanyakazi wake alikuwa ametoka dakika chache tu kununua gazeti. Pini ya almasi ikapotea.

Karao wakaskia Slater anauza risiti ya rehani ya pini kama hiyo, kisha akapanda meli kwenda New York. Shida ni moja: pini yake iliwekwa rehani wiki kadhaa kabla shosho auawe! Walijua, na bado wakamfuata. Naye, akijua hana kosa, akakubali kurudi mwenyewe. Hapo ndipo aliyakanyaga.

Mei 1909, wazee wa baraza 15 wakapiga kura. 9 walimwona na hatia, na Scotland ya wakati huo hiyo ilitosha. Kitanzi! Zikiwa zimebaki siku 2 anyongwe, kikageuzwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Peterhead kupasua mawe. Mpelelezi John Trench alipofichua uozo wa kesi 1914, alifutwa kazi.

Doyle aliandika kijitabu 1912, hakuna kitu. 1925, mfungwa aliyeachiliwa akamletea ujumbe wa Slater, ameuficha mdomoni. Kelele zikaanza upya. Slater akatoka Novemba 1927, na Julai 1928 hukumu ikafutwa kwa sababu jaji alipotosha baraza. Skia vizuri: korti haikusema hana hatia.

Serikali ikampa pauni 6,000. Piga hesabu: miaka 18 na nusu, haifiki hata pauni moja kwa siku. Na gharama ya rufaa je? Doyle, aliyeidhamini, alitaka Slater ailipe kutoka kwa hiyo fidia. Slater akakataa katakata. Mimi namwelewa. Kwani ulipe mwenyewe kurekebisha kosa la serikali?

Wakakosana kabisa. Doyle alikufa 1930. Slater alioa, akaishi mji wa Ayr hadi 1948. Na muuaji wa yule shosho? Hakuna mwingine aliyewahi kuhukumiwa.