Sidi Mubarak Bombay, Mtu wa Safari Ndefu

1. Swali la hamali

Ndugu msomaji, ukifika Dar es Salaam uliza njia ya kwenda Gerezani. Ni mtaa wa katikati ya mji, jirani na soko la Kariakoo. Jina la Gerezani lina neno gereza ndani yake. Jina la Kariakoo linatokana na wapagazi.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani. Kikosi chao cha wapagazi kilipiga kambi mahali hapo. Wenyeji walilitamka jina la Kiingereza la kikosi hicho kwa namna yao, likawa Kariakoo. Wengi wa wapagazi hao hawakuomba kazi. Walichukuliwa vijijini kwao, wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Hata leo mizigo haijaisha Kariakoo. Mazao uliyolima wewe kijijini hushushwa huko na mahamali. Wengine hubeba magunia mabegani, wengine husukuma mikokoteni. Katika darasa letu la jioni pale Gerezani walikuwamo mahamali. Siku moja mmoja wao aliuliza kama mtu anayebeba mzigo wa mwenziwe anaweza kujiita mtu huru. Darasa lilinyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu tayari.

Nilipokwenda nyumbani nilimkumbuka Sidi Mubarak Bombay. Huyu alitembea kwa miguu kuliko karibu watu wote wa wakati wake. Alipata kuwa mtumwa, kisha akawa mtu huru. Sikiliza habari zake, halafu tutalirudia swali la hamali.

2. Deni la nguo na shanga

Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mahali ambapo leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake lilipotea. Jina la Bombay alilipata baadaye, nalo ni jina la mji wa Uhindi.

Kijiji chao kilikuwa na deni. Wakati wa njaa watu walikuwa wamekopa nguo na shanga kwa wafanyabiashara wa pwani. Siku moja wafanyabiashara hao walirudi na kundi kubwa lenye bunduki na panga. Walikizunguka kijiji, wakataka walipwe deni lote siku ile ile. Wanakijiji hawakuwa na kitu. Basi watu wenyewe wakachukuliwa badala ya mali.

Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Alipelekwa Kilwa kwa miguu. Hiyo ndiyo safari yake ndefu ya kwanza, naye hakuitaka. Kutoka Kilwa alipelekwa Zanzibar, akauzwa. Aliyemnunua alimchukua mpaka Uhindi. Huko alitumika miaka mingi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini fikiri jambo hili, msomaji. Wakubwa ndio waliokopa, na mtoto ndiye aliyelipa. Tena alilipa kwa maisha yake.

3. Arudi akiwa huru

Bwana wake alipokufa, Bombay aliachwa huru. Alipanda chombo, akavuka bahari na kurudi Zanzibar. Hapo aliingia katika jeshi la Sultani. Akapelekwa kwenye ngome ya Chogwe, karibu na Pangani.

Mwaka 1857 Waingereza wawili walifika Pangani. Majina yao ni Burton na Speke. Walikuwa wanajitayarisha kwenda bara kutafuta maziwa makubwa na chanzo cha mto Nile. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani kidogo. Bombay alikijua Kihindustani kwa sababu ya miaka yake ya utumwa. Basi lugha aliyojifunza akiwa mtumwa ilimpatia kazi akiwa mtu huru. Aliacha ujeshi, akaingia katika msafara kwa ujira.

Pwani, watu kama yeye waliitwa waungwana, yaani watu huru. Walilipenda sana jina hilo. Aliyepata kuitwa mtumwa hulijua uzito wake.

4. Njia ya bara

Safari za siku zile hazikuwa kama za leo. Leo ukitaka kwenda Kigoma kuna treni na mabasi. Wakati huo hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Kutoka pwani hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Msafara wa Burton na Speke uliondoka pwani Juni 1857, ukafika Ujiji Februari 1858. Hesabu mwenyewe ilikuwa miezi mingapi.

Punda wengi walikufa njiani, kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Ndani ya mizigo mlikuwa na nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Hizo ndizo zilikuwa fedha za njiani. Msafara ulinunua chakula kwa nguo na shanga. Katika nchi ya Ugogo watawala walidai hongo ndipo msafara upite. Baada ya Ugogo kulikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, lenye maji haba.

Kazi ya Bombay ilikuwa kubwa kuliko kubeba bunduki ya mgeni. Alitafsiri maneno. Alizungumza na watawala juu ya hongo. Aligawa posho na kuwatuliza wapagazi walipochoka. Mgeni alijua kupima nyota na kuchora ramani, lakini bila Bombay na wenzake ramani hiyo isingechorwa.

Kutoka Tabora, Speke na Bombay walikwenda kaskazini. Agosti 1858 waliliona ziwa kubwa la Nyanza pale Mwanza. Februari 1859 msafara ulirudi pwani, ukatokea Konduchi. Siku hizi Konduchi ni sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya safari hiyo kulizuka ugomvi mkubwa juu ya ujira, kwa sababu baadhi ya watu hawakupewa walichotegemea.

5. Kutoka bahari hadi bahari

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Mwingereza mwingine, Grant. Bombay alikwenda nao. Walipita Tabora na Karagwe, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Mwaka huo msafara ulifika mahali Nile inapotoka katika ziwa, karibu na mji wa sasa wa Jinja. Waliufuata mto hadi Misri, wakafika Kairo mwaka 1863. Bombay na wenzake walirudishwa Zanzibar kwa meli. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha.

Mwaka 1871 alikuja Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone. Alimwajiri Bombay kuwa mkuu wa askari wa msafara. Walipatana riali 80 kwa mwaka, na nusu yake alilipwa kabla ya safari. Walimkuta Livingstone Ujiji, mwezi wa Novemba mwaka huo.

Mwaka 1873 Bombay aliondoka tena Bagamoyo, mara hii pamoja na Cameron. Umri wake ulikuwa umepita miaka 50. Walivuka Ziwa Tanganyika, wakapita katika nchi ambayo leo ni Kongo. Novemba 1875 walitokea pwani ya magharibi, karibu na mji wa Benguela katika Angola. Waliondoka kwenye Bahari ya Hindi, wakafika Bahari ya Atlantiki kwa miguu. Watu wa msafara walirudi Zanzibar kwa meli iliyozunguka kusini mwa Afrika.

Ukijumlisha safari zake zote inakadiriwa zilifika kilomita 9,000 na zaidi, na sehemu kubwa aliitembea.

6. Safu mbili katika njia moja

Sasa tazama jambo moja katika safari hiyo ya Cameron. Kabla ya kufika pwani, msafara wao uliungana na wa wafanyabiashara wa watumwa waliotoka Angola. Mmoja wao alileta wanawake 52 waliofungwa kamba. Vijiji vyao vilikuwa vimevamiwa na kuchomwa moto ili wao wapatikane.

Njia ilikuwa moja. Jua lilikuwa moja, na miiba ilikuwa ile ile. Bombay alikuwa na mzigo wa kazi, na wanawake wale walikuwa na mizigo vichwani. Mtu aliyetazama kwa mbali angeona safu ndefu ya watu wanaotembea, basi. Lakini Bombay alipata kutembea katika safu ya namna ile alipokuwa mtoto. Yeye alijua tofauti yake.

Tofauti haikuwa katika mzigo, wala katika urefu wa njia. Bombay aliombwa, akakubali. Ujira wake ulitajwa kabla ya safari. Safari ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ni kurudi nyumbani Zanzibar. Wanawake wale hawakuulizwa. Hawakuwa na ujira. Na nyumba za kurudia zilikuwa zimechomwa.

7. Uhuru wenye nyufa

Tusimsifu Bombay kupita kiasi, wala tusiupambe uhuru wake. Wakati mwingine alilewa, na wakati mwingine alipoteza vitu vya msafara. Mabwana wake waliandika makosa hayo yote katika vitabu vyao.

Wao pia walikuwa na makosa yao. Speke alimpiga ngumi usoni. Stanley alimpiga kwa fimbo. Mtu mzima, kiongozi wa msafara, alipigwa kama mtoto mbele ya watu aliowaongoza. Hapo uhuru wake ulikuwa na ufa. Lakini alipopigwa na Speke, Bombay aliacha kumtumikia, akaondoka. Alirudi baadaye, walipopatana. Mtumwa akiondoka hutafutwa na kufungwa. Bombay aliondoka kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake.

Mwaka 1876 kile chama cha Uingereza kilimpa malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa. Ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

8. Jibu kwa hamali

Siku hizi wako watu duniani wanaotembea miezi mingi kwa kupenda tu. Huko Marekani kuna njia ya milimani yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi. Watu huacha kazi, hubeba mahema yao mgongoni, na kusema wanatafuta uhuru. Si vibaya. Lakini kutembea mbali peke yake si uhuru. Mtoto aliyepelekwa Kilwa alitembea mbali. Wapagazi wa vita walitembea mbali pia.

Basi jibu langu kwa yule hamali lilikuwa hili. Usiutazame mzigo, jiulize mambo manne. Je, nilikubali mwenyewe? Je, ujira wangu naujua kabla ya kubeba? Je, naweza kukataa nisipigwe wala kufungwa? Je, kazi ikiisha naweza kwenda kwangu? Kama majibu ni ndiyo, wewe ni mtu huru hata gunia likikuinamisha. Kama jibu moja ni hapana, uhuru wako una ufa, na ufa hauzibwi kwa kunyamaza.

Hamali alinijibu kwamba la pili ndilo linalomsumbua. Mara nyingi hubeba kwanza, na bei hutajwa baadaye. Tangu siku hiyo alianza kuandika katika daftari dogo idadi ya magunia na bei waliyopatana. Mwandiko wake haukuwa mzuri, lakini ulisomeka.

Nawe msomaji, kijijini kwako kuna mikopo na mikataba, na karatasi za kutiwa saini. Zamani ulitia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Sasa unaweza kusoma kwanza. Kumbuka kijiji cha Bombay na deni lake la nguo.

Bombay hakuacha kitabu. Habari zake tunazisoma katika vitabu vya watu aliowaongoza, na wao waliandika walivyotaka. Wewe umekwisha kujua kuandika. Safari zako usiziachie wengine.

Maneno ya kujifunza

Frasila: kipimo cha uzito cha zamani, karibu kilo 16.
Hongo: hapa, malipo ya kuruhusiwa kupita katika nchi ya mtu. Siku hizi neno hili lina maana ya rushwa.
Kaniki: nguo nyeusi au ya rangi ya buluu iliyoiva.
Merikani: nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi.
Posho: chakula, au malipo ya chakula, cha mtu aliye kazini.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini watu wa kijiji cha Bombay walichukuliwa?
2. Nusu ya riali 80 ni riali ngapi?
3. Bombay na wale wanawake 52 walipita njia moja. Walitofautiana katika mambo gani?
4. Je, katika kijiji chenu mtu akifanya kibarua hutajiwa ujira kabla ya kazi au baada ya kazi? Zungumzeni faida na hasara zake.
5. Andika mistari mitano juu ya safari ndefu uliyowahi kwenda. Ulikwenda kwa kupenda au kwa kulazimishwa?