Archie Carr, msomi aliyefundishwa na wavuvi wa kasa

Kasa wanaotaga kisiwani Maziwe mayai yao huweza kuzama maji ya bamvu yakijaa. Ndiyo maana walinzi wa kasa huyahamishia ufukweni Ushongo. Lakini kwa nini kiota kimoja kina thamani hivyo? Aliyetusaidia kujua ni Archie Carr.

Carr alizaliwa Marekani mwaka 1909, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Florida. Mwaka 1955 alianza kazi Tortuguero, ufukwe wa Costa Rica, ambako watu waliishi kwa kukamata kasa majike waliopanda kutaga. Alimfunga kila kasa kibati chenye namba kwenye pezi, na zawadi kwa atakayekirudisha.

Vibati vikarudi, vingi kutoka kwa wavuvi wa Nikaragua, mamia ya kilomita mbali. Ikaonekana pia kwamba jike hurudi kutaga ufukwe uleule, baada ya miaka miwili mitatu. Basi ufukwe ukimaliza kasa wake, wa jirani hawaji kuziba pengo.

Wasomaji wa vitabu vyake walianzisha shirika la kutetea kasa mwaka 1959, na Tortuguero ikawa hifadhi ya taifa. Carr alifariki mwaka 1987.

Msikilizaji wa pwani, sheria yetu inakataza kuvua kasa na kuchukua mayai yake. Ukiona nyayo za kasa mchangani, zima tochi, usichimbe, mwarifu mlinzi wa kasa wa kijiji. Akinasa wavuni mwenye kibati, andika namba, kisha mwachie aende.