Benjamin Holt, Bwana wa Katapila

Neno katapila tumelizoea mno hata twadhani ni letu. Mtu akiona mtambo wa cheni unasukuma mchanga au unakata njia porini, hulitamka bila kufikiri. Lakini kwa asili neno hilo ni kiwavi, yule mdudu atambaaye juu ya majani ya mwembe, na aliyelieneza duniani kuwa jina la mtambo ni Mmarekani mmoja, Benjamin Holt.

Nimezitafuta habari za bwana huyu kwa ajili ya mpwa wangu, fundi wa mitambo huko Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, palipo na chuo cha mafunzo ya wakulima. Yeye na wenzake wamefufua katapila la zamani, la cheni za chuma tupu, lililotoka katika shamba moja upande wa Kitale. Wataka lipite barabarani katika maandamano ya wakulima. Wazee wa mahali wamekataa. Wasema barabara ya lami waliingoja miaka na miaka, wakila vumbi kiangazi na kuzama matopeni wakati wa mvua. Haiwi leo iraruliwe kwa furaha ya asubuhi moja. Mpwa wangu aona wazee wamezidi. Hoja yake ni kwamba mtambo uliotengeneza barabara hauwezi kuwa adui wa barabara.

Mimi naona wazee hawakukosea, na sababu yake imo katika maisha ya Holt mwenyewe.

Holt alizaliwa tarehe 1 Januari 1849 katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani, katika nyumba ya watoto 11. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, kwa hiyo kijana alijua mti kabla ya kujua chuma. Kaka yake Charles alitangulia kwenda California, akafanya biashara ya mbao ngumu na vifaa vya magari ya farasi. Benjamin alimfuata mwaka 1883, wakafungua kiwanda katika mji wa Stockton. Na walitengeneza nini? Magurudumu! Mtu aliyekuja kulipa gurudumu talaka ndilo lililomlisha kwanza.

Mwaka 1886 walitoa mashine yao ya kwanza ya kuvuna ngano, na mwaka 1890 mtambo wa mvuke wa kukokota, wenye uzito upatao tani 20 na zaidi. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Stockton iko kando ya mito inayogawanyika, na udongo wa visiwa vya pale ni mweusi, wenye rutuba kubwa, lakini laini kama sifongo. Farasi walizama, sembuse mtambo wa tani 20. Holt akapanua magurudumu. Yakazama. Akapanua tena, mpaka mtambo mmoja ukafikia upana wa karibu futi 46. Msomaji wa Mombasa au Lamu na ajaribu kuupitisha huo katika vichochoro vya Mji wa Kale!

Dawa aliyoipata yafahamika vyema na wavuvi wetu. Mashua ikipandishwa pwani hulazwa juu ya magogo. Gogo lililoachwa nyuma huokotwa na kutandikwa mbele, na mashua huenda juu ya njia inayojitandika yenyewe. Cheni ya katapila ni magogo hayo yaliyofungwa pamoja yakawa duara. Uzito wote haukai tena mahali pamoja, umetandazwa, na udongo waweza kuubeba.

Tarehe 24 Novemba 1904, karibu na Stockton, Holt alijaribu mtambo wa mvuke ambao magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameondolewa na kuwekwa cheni mbili, kila moja urefu wa futi 9 na upana wa futi 2. Ulipita pale ambapo mwanzo hapakupitika. Na vibao vilivyokanyaga udongo siku ile havikuwa vya chuma, vilikuwa vya mbao.

Haki ya watu isifichwe. Holt hakuwa wa kwanza. Alvin Lombard alikwisha kutengeneza mtambo wa cheni wa kuvuta magogo katika misitu ya Maine, na huko Uingereza kampuni ya Hornsby ilikuwa na wake. Sifa ya Holt ni kuufanya mtambo huo uwe kitu cha mkulima, cha kununuliwa na kutumika kila siku. Jina nalo inasemekana lilitoka kwa mpiga picha, Charles Clements, aliyeutazama unavyotambaa akaufananisha na kiwavi. Holt alilipenda, akalisajili mwaka 1910.

Vita vya 1914 vilimpa jina kubwa zaidi. Mitambo yake ilivuta mizinga katika matope ya Ulaya, na Waingereza walipobuni vifaru, mfano wa cheni zake walikuwa wameuona. Alifariki Stockton tarehe 5 Desemba 1920. Mwaka 1925 kampuni yake iliungana na ya mshindani wake, Best, na kampuni mpya ikaitwa Caterpillar.

Huku kwetu mitambo ya cheni ilijaa hasa mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanza mradi wa karanga Tanganyika. Mingi ilikuwa mitumba ya vita, mingine vifaru vilivyogeuzwa matrekta, ikapelekwa Kongwa kung'oa vichaka. Mradi ulivunjika mwaka 1951 kwa hasara ya mamilioni ya pauni, na mitambo mingi ilikuwa imekwisha kuharibika kabla.

Sasa turudi kwa lami. Holt aliunda cheni kwa ajili ya udongo laini, na meno yake ya chuma huzama humo na kushika. Juu ya lami meno hayazami. Uzito wote uliotandazwa hurudi kukaa juu ya ncha za meno machache, kama mtu mzito aliyevaa viatu vya visigino vyembamba. Ubaya mkubwa ni kupinda, kwani katapila halina usukani wa kugeuza gurudumu. Cheni moja huzuiwa, ya pili husukuma, na zote mbili husugua barabara kwa ubavu. Lami hupasuka, mvua huingia ufani, na baada ya msimu mmoja pana shimo la kuvunja springi za matatu.

Kwa hiyo nimemshauri mpwa wangu aanze na idhini ya wenye barabara, kwa maandishi. Katapila libebwe kwa trela mpaka mahali pa kuanzia, na wakati wa kurudi vilevile. Kila kibao cha cheni kifungwe kipande cha mpira mgumu kwa bolti, kinene kuliko jino, ili chuma kisiguse chini. Wasipopata mpira, mbao ngumu zafaa, nazo ndizo alizoanza nazo Holt. Njia iwe iliyonyoka. Pasipo budi kupinda, watandike mbao nene au mikanda mikuukuu ya mpira ya viwandani, na dereva apinde kidogo kidogo. Watoke asubuhi, maana jua la adhuhuri hulainisha lami. Na nyuma ya mtambo atembee kijana kwa miguu, macho chini, atazame bolti iliyolegea na mpira uliochomoka. Akiona kimoja, ainue mkono, na dereva asimame papo hapo.