Naftali Temu: Shujaa wa Gusii aliyefuata nyayo za waliomtangulia

JINA la Naftali Temu ni hazina ya Gusii nzima, kuanzia Nyamira alikotoka hadi Suneka, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori.

Wazee wanalitaja kwa fahari. Vijana wengi nao wanajua jambo moja tu kumhusu: kwamba ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Ni wachache wanaouliza ni nani waliomtengenezea njia hadi akafika huko.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Maisha ya Temu ni ushahidi wa usemi huo.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945, wakati Kenya ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa, kijana mwingine kutoka jamii yake ya Abagusii, Nyandika Maiyoro, aliushangaza umati katika uwanja wa White City jijini London.

Ilikuwa mwezi Julai 1954. Nyandika aliingia mbio za maili tatu dhidi ya wanariadha hodari wa Uingereza, akachomoka mapema na kuwaacha nyuma kwa mwendo ambao wengi waliuona kuwa wa kujiangamiza. Hatimaye alipitwa na Fred Green pamoja na Chris Chataway, ambao walilazimika kuvunja rekodi ya dunia ili kumshinda. Nyandika alimaliza wa tatu.

Siku hizo kulikuwa na Wazungu walioamini kwamba Mwafrika hana subira wala akili ya mbio ndefu. Imani hiyo ilianza kuporomoka siku ile. Nyandika aliendelea kushiriki Olimpiki, akawa wa saba katika mita 5,000 mjini Melbourne mwaka 1956 na wa sita mjini Roma mwaka 1960. Mgusii mwenzake, Arere Anentia, alitwaa shaba katika maili sita kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff mwaka 1958.

Hawa ndio waliokuwa walimu wa kwanza wa kizazi cha Temu, hata kwa wale ambao hawakupata kuketi nao. Mtoto wa Gusii hakuhitaji tena kuambiwa kwamba jambo hilo linawezekana. Alikuwa na majina ya watu wa kwao waliokwisha kulitenda.

Mlezi wa pili wa Temu alikuwa jeshi. Baada ya kujiunga na Jeshi la Kenya alipata mambo ambayo kijana wa shambani hakuyapata kwa urahisi: ratiba, chakula cha uhakika, muda wa mazoezi na wenzake wa kushindana nao. Wanariadha wengi wa enzi hizo walikuzwa na vikosi vya ulinzi, magereza na polisi. Katika ngazi ya taifa kulikuwa na wakufunzi kama vile Mwingereza John Velzian na Charles Mukora, ambao walichangia pakubwa kuinua riadha ya Kenya katika miaka hiyo.

Njia haikuwa nyoofu. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19, Temu alipelekwa Tokyo. Katika mita 10,000 hakumaliza. Katika marathoni alikuwa wa 49. Kijana asiye na wa kumwongoza angeweza kuamua hapo kwamba riadha si riziki yake, akarudi nyumbani.

Temu alirudi mazoezini. Miaka miwili baadaye, mjini Kingston, Jamaika, alikutana na Ron Clarke wa Australia, bingwa aliyekuwa akivunja rekodi za dunia moja baada ya nyingine. Katika mbio za maili sita za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1966, Temu alimwacha Clarke mbali na kutwaa dhahabu kwa muda wa dakika 27 na sekunde 14.6.

Kisha ikaja tarehe 13 Oktoba 1968 katika jiji la Mexico, lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hiyo nyepesi iliwalemea wengi. Clarke alimaliza wa sita akaanguka na kupewa oksijeni. Kipchoge Keino, aliyekuwa mgonjwa, alishindwa kumaliza.

Mizunguko ya mwisho ikabaki kuwa vita kati ya Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Mamo alichomoka, Temu akamfuata bila papara, na katika mita za mwisho akampita. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.6 tu. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa tatu.

Inafaa kukumbuka kwamba Mamo naye alikuwa zao la mwalimu. Alitoka katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, ambako Onni Niskanen, raia wa Sweden, ndiye aliyemnoa Abebe Bikila hadi akashinda marathoni za mwaka 1960 na 1964. Wiki moja baada ya kushindwa na Temu, Abebe alipojitoa katika marathoni kwa sababu ya jeraha, Mamo alikuwa tayari kushika nafasi yake na akashinda. Ethiopia ilikuwa imeandaa mrithi kabla ya kumhitaji.

Temu mwenyewe alikimbia marathoni hiyo akawa wa 19, siku chache baada ya kutwaa shaba katika mita 5,000. Mwaka 1972 mjini Munich hakufika fainali ya mita 10,000, na mwaka uliofuata akastaafu.

Sheria za riadha ya ridhaa za wakati huo hazikumruhusu mwanariadha kulipwa zawadi ya fedha. Bingwa wa Olimpiki alirudi nyumbani na nishani yake, akatafuta riziki kama jirani zake. Temu alirejea katika maisha ya ukulima. Aliaga dunia tarehe 10 Machi 2003 jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 57, baada ya kuugua saratani ya tezi dume.

Tangu siku ile ya Mexico, Kenya imetoa mabingwa wasiohesabika. Hata hivyo, hadi kukamilika kwa Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki. Ilipita miaka 56 kabla ya Beatrice Chebet kuirejesha dhahabu ya mbio hizo nchini, kwa upande wa wanawake.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa Suneka, Nyamira na kwingineko. Gusii iliyowahi kumtoa Nyandika, Arere na Temu katika kipindi kisichozidi miaka 15 haikukosa watoto wenye mbio. Kinachoweza kukosekana ni mkubwa wa kumshika chipukizi mkono anapokuwa wa 49, na kumwonyesha kwamba nafasi hiyo si mwisho wa safari yake.

Bingwa anayestaafu hubeba ujuzi usioandikwa popote. Asipopewa wanafunzi akiwa hai, ujuzi huo huzikwa pamoja naye.