Wallace Reid: Bingwa wa mbio katika filamu, na mjane aliyekataa kuficha ukweli

Tarehe 18 Januari 1923, katika nyumba ya matibabu jijini Los Angeles, Marekani, alifariki dunia mwigizaji Wallace Reid akiwa na umri wa miaka 31. Mamilioni ya watazamaji walimfahamu kuwa kijana mrefu, mwenye sura ya kupendeza, anayeendesha gari kwa kasi na kushinda kila mara. Lakini mwili wake ulikuwa umemalizwa na mofini, dawa ya kutuliza maumivu aliyoanza kupewa ili aweze kuendelea na kazi.

Reid alizaliwa tarehe 15 Aprili 1891 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri. Baba yake, Hal Reid, alikuwa mwandishi na mwigizaji wa tamthilia, na mama yake pia alikuwa mwigizaji. Mwaka 1910 alianza kazi ya filamu mjini Chicago, wakati filamu zilikuwa bado fupi na hazina sauti. Nia yake ilikuwa kupiga picha, kuandika na kuongoza, lakini wenye kampuni walipoiona sura yake hawakukubali abaki nyuma ya kamera.

Akiwa katika kazi hiyo alikutana na mwigizaji Dorothy Davenport, naye akitoka katika ukoo wa waigizaji. Walifunga ndoa tarehe 13 Oktoba 1913. Miaka miwili baadaye Reid alionekana kama mhunzi katika The Birth of a Nation, filamu iliyovuta umati mkubwa na wakati huohuo ikalaaniwa vikali na Wamarekani weusi kwa kuwadhalilisha na kulitukuza kundi la Ku Klux Klan. Sehemu yake ilikuwa ndogo, lakini ilimfungulia mlango wa kuwa nyota.

Umaarufu wake mkubwa uliletwa na magari. Mwaka 1919 aliigiza katika The Roaring Road kama Toodles Walden, muuza magari mwenye matamanio mawili: kushindana katika mbio na kumwoa binti wa tajiri wake. Katika kilele cha hadithi, Toodles anaendesha gari kutoka Los Angeles hadi San Francisco akishindana na garimoshi ambalo mpenzi wake amesafiri nalo. Watazamaji waliipenda mno, na mwaka 1920 ikafuatiwa na Excuse My Dust. Safari hii Toodles ameshaoa na ana mtoto, na mkewe amemtaka aape kuachana na mbio. Mume anaahidi, lakini ahadi inamshinda. Mke huyo wa hadithini aliitwa Dorothy, kama mke wa Reid mwenyewe, na mtoto wao wa kiume, Wallace mdogo, alionekana katika filamu hiyo.

Lakini hatari iliyoikabili nyumba ya Reid haikutoka kwenye uwanja wa mbio. Mwaka 1919, wakati wa kutengeneza The Valley of the Giants katika misitu ya kaskazini mwa California, garimoshi lililowabeba waigizaji lilipata ajali, na Reid akaumia vibaya. Kusimamisha kazi kungeigharimu kampuni fedha nyingi. Alipewa mofini ili maumivu yatulie na kamera ziendelee kuzunguka. Jeraha lilipona, lakini haja ya dawa ilibaki. Filamu zilimfuata moja baada ya nyingine bila nafasi ya kupumzika, na kila uchovu ulipozidi, dawa ilikuwa karibu.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 1922 hakuweza tena kusimama kwa nguvu zake. Wakati huo Hollywood ilikuwa tayari imetikiswa na kashfa kadhaa, na desturi ya kampuni ilikuwa kuficha. Dorothy alichagua njia nyingine. Mwezi Desemba, mumewe akiwa bado hai na akijitahidi kuachana na dawa, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari na kueleza kwamba Reid alikuwa mgonjwa wa uraibu. Kwa mke wa zama zile, kutamka jambo hilo hadharani kulikuwa kujiweka penye aibu, lakini aliona kwamba kimya kilikuwa kimekwisha kumdhuru mumewe vya kutosha.

Miezi michache baada ya mazishi, mjane huyo alitoa filamu ya Human Wreckage, iliyosimulia habari za wakili aliyenaswa na dawa za kulevya. Dorothy mwenyewe aliigiza kama mke wa wakili huyo. Alizunguka na filamu hiyo mijini akiwaeleza watu kwamba mraibu anahitaji tiba kabla ya kuhukumiwa. Aliendelea kutengeneza na kuongoza filamu kwa jina la Bi Wallace Reid, na alifariki mwaka 1977.

Nakala za Human Wreckage zimepotea, na hakuna anayeweza kuitazama leo. The Roaring Road bado ipo. Ndani yake Reid angali kijana mwenye afya, ameshika usukani, vumbi likitimka nyuma yake, anashinda mbio na kumpata mchumba. Mtazamaji asiyejua habari zake ataona furaha tupu. Anayezijua atakumbuka kwamba katika mwaka uleule ilipotoka filamu hiyo, kijana huyo alichomwa sindano ya kwanza ili kazi isisimame.